Vikono Tisa vya Ukingo wa Mashariki

Beijing, 6 Aprili 1986

Kwa Baba Mkubwa Shoutian na Mama Mkubwa,

Nawaamkia nyote wawili kwa heshima. Mimi huku sijambo, nala vizuri, na kile kikohozi nilichoondoka nacho kimekwisha. Mwambie Mama Mkubwa suruali yake ya pamba imenifaa sana. Wenzangu wa bwenini wananicheka kwamba nikiivaa natembea kama bata, lakini siku ile theluji ilipoanguka kila mmoja alikuja kuiazima. Magoti yake yanaendeleaje? Na nguruwe ameshazaa?

Kozi yetu ya wapiga picha si nyepesi. Asubuhi tunafundishwa taa, mchana tunasafisha picha gizani mpaka vidole vinanuka dawa. Jumapili tuko huru, na hapo ndipo ninapofanya ile kazi aliyonituma Bwana Hou wa studio. Unakumbuka anataka picha za Ikulu ya Kale ili mchoraji atuchoree pazia jipya. Lile la zamani nimewasimamisha maharusi mbele yake miaka sita, na miaka yote hiyo wewe umekataa kupigwa picha pale kwa sababu moja tu, kwamba wanyama wa vigae kwenye pembe ya paa wamechorwa kumi na mmoja.

Basi Jumapili iliyopita nilisimama mbele ya ukumbi mkuu wenyewe, nikawahesabu kwa kidole. Ni kumi. Nilikuwa nikidhani ni ubishi wako tu. Nilicheka peke yangu pale uwanjani mpaka mama mmoja akamvuta mtoto wake kando.

Ninakutumia picha tatu. Baba Mkubwa, uwanja ule ni mkubwa kuliko mashamba yote ya Qiaozhuang, na watu wametoka kila pembe ya nchi kuutazama. Mimi peke yangu nilikuwa nawaza kwamba mtu wa nyumbani kwetu amewahi kupanda juu ya mapaa haya na patasi mkononi. Lakini hujawahi kutuambia ni ukumbi gani ulioufanyia kazi. Niambie, nikasimame mbele yake nijivune.

Mwanao,
Lanying


Qiaozhuang, 21 Aprili 1986

Lanying,

Barua yako imefika ikiwa na alama ya kiatu, sijui posta wanaipitisha wapi. Hapa tu wazima. Magoti ya mama yako mkubwa yanauma mvua ikikaribia na yanapona mvua ikinyesha, kwa hiyo sasa majirani wanakuja kumuuliza habari za mvua. Nguruwe amezaa kumi na mmoja. Usiseme kitu.

Picha nimezitazama. Ni picha nzuri za mawingu. Umelipiga paa kama mtu anayepiga picha ya jirani yake akaishia kwenye kofia. Watalii wote hupiga hivyo, na wewe sikukulea uwe mtalii.

Jengo la kifalme halisomwi kutoka mbele. Nenda mapema, jua likiwa bado liko chini, ili mwanga uingie chini ya ukingo wa paa. Sogea mpaka karibu na nguzo, kisha tazama juu. Utaviona vikono, zile mbao fupi zilizopandana moja juu ya nyingine, zinazobeba paa zima bila msumari hata mmoja. Hiyo ndiyo kazi. Vigae na rangi nyekundu ni nguo tu.

Kamati ya wilaya imekuja hapa wiki iliyopita. Wanataka kuutengeneza mnara wa ngoma wa mjini, maana upande wa kaskazini umeanza kuinama. Wameniuliza kama nitawaongoza mafundi. Nimewapa chai, nimesema nitafikiri.

Vaa ile suruali mpaka Mei iishe.

Baba yako mkubwa,
Qiao Shoutian


Beijing, 4 Mei 1986

Kwa Baba Mkubwa na Mama Mkubwa,

Nawaamkia. Hongereni kwa watoto wa nguruwe, idadi yao sitaitaja. Hapa miti imechanua na vumbi limejaa mpaka kwenye uji. Suruali nimeivua, Mama Mkubwa anisamehe.

Nimefuata maneno yako. Nilifika geti likifunguliwa, nikapita ukumbi mkuu bila kusimama, nikaingia nyua za pembeni ambako watu ni wachache. Ili kuviona vikono vizuri ilinibidi nilale chali kwenye mawe. Mlinzi akanijia mbio.

"We dada, umeanguka?"

"Sijaanguka. Napiga picha."

"Wenzio wote wanapiga wakiwa wamesimama."

"Wenzangu wanapiga kofia," nikamwambia.

Hakuelewa, lakini akainama naye akatazama juu. Akasema yuko pale miaka minne na hajawahi kutazama huko. Nikajikuta namwambia kwamba baba yangu mkubwa ndiye aliyechonga hivi vikono. Akauliza, vipi kati ya hivi? Nikainuka nikajifuta vumbi.

Nakuuliza tena, Baba Mkubwa. Ukumbi gani? Na mbona uliondoka? Nyumbani tumekuwa tukisema hewa ya Beijing ilikukausha pua. Nilipokuwa mdogo niliamini hivyo. Sasa nina miaka ishirini na sita na nimekaa na hewa hii miezi miwili. Si mbaya kiasi hicho.

Na ule mnara, umeshawajibu? Nakuomba ukubali. Hakuna mwingine anayeujua kama wewe.

Mwanao,
Lanying


Qiaozhuang, 20 Mei 1986

Lanying,

Sote wazima. Ngano imeanza kugeuka rangi. Watoto wawili wa nguruwe tumempa jirani, mama wa Shuanzhu, maana maziwa ya mama yao hayatoshi.

Katika picha nne ulizotuma, ya kwanza na ya pili zinatetemeka, ulikuwa umeshika pumzi vibaya. Ya tatu ina kivuli cha kichwa chako. Ya nne nimeitazama mpaka chai yangu ikapoa. Mwanga umeingia pale unapotakiwa kuingia, na viungo vinaonekana. Unajua sasa.

Hewa ya Beijing ilikuwa kavu zaidi zamani.

Baba yako mkubwa,
Qiao Shoutian

Lanying mwanangu, ni mimi mama yako mkubwa. Amekwenda kufunga nguruwe na barua ameiacha wazi. Hatakwambia, kwa hiyo nakwambia mimi. Yule Geng Maocai, fundi wa mjini, naye anautaka mnara. Anazunguka kila kibanda cha chai akisema mume wangu hakuwahi kushika patasi ikuluni, kwamba alichemsha gundi miaka sita, na mwisho wakamfukuza. Mbele ya kamati alimwuliza, "Basi tuonyeshe hata kipande kimoja ulichochonga." Baba yako mkubwa akanyamaza. Alirudi nyumbani akanoa patasi zake zote, na tangu siku hiyo halali vizuri. Kamati itaamua katika mkutano wa Agosti. Anautaka mnara ule, Lanying. Nimeishi naye miaka ishirini na mitatu, namjua akitaka kitu.


Shenyang, 8 Juni 1986

Baba Mkubwa,

Nawaamkia wote. Darasa letu limeletwa Shenyang kwa siku tano kutazama ikulu ya kaskazini, ile ya Wamanchu. Huku ukumbi una pembe nane kama hema lililogeuka mbao, na mbele yake kuna vibanda kumi vya maofisa. Nimelala chali tena. Walinzi wa huku ni wakali zaidi, lakini nimepata picha kumi na mbili na hakuna hata moja inayotetemeka.

Usimkasirikie Mama Mkubwa. Ameniambia habari za Geng.

Baba Mkubwa, nimekasirika mpaka nimeshindwa kula. Mtu huyo aliwahi kuja studio kwetu kupigwa picha, akakaa mbele ya lile pazia la wanyama kumi na mmoja, akatabasamu. Hakuona kosa lolote. Leo ndiye anayesema wewe ulichemsha gundi. Na wewe unanyamaza. Ukinyamaza watu wanasema kweli ulifukuzwa.

Kama ulifukuzwa, niambie, sitakupenda pungufu. Kama hukufukuzwa, niambie, nitalitangaza wilaya nzima. Nina kamera mkononi na ninasoma mji mmoja na kazi yako. Nitarudi Beijing Jumatano. Nitaitafuta mwenyewe, nitaipiga picha, na kamati wataiona.

Mwanao,
Lanying


Qiaozhuang, 25 Juni 1986

Lanying,

Ngano tumevuna. Wazima.

Usitafute. Fundi wa ikulu haandiki jina lake juu ya mbao. Mwalimu wangu Mzee Kang alikuwa akisema jengo ni la watakaolitazama, na fundi anatakiwa kusahaulika kama mwashi wa tanuri. Nilikubali hayo nilipoingia, siwezi kuyakataa leo kwa sababu ya Geng.

Tena si yote niliyoyafanya kule yanafaa kupigwa picha. Mambo ya mkutano niachie mimi.

Kula chakula chako.

Baba yako mkubwa,
Qiao Shoutian


Beijing, 20 Julai 1986

Baba Mkubwa,

Nawaamkia wewe na Mama Mkubwa. Joto la huku limezidi, tunakula matikiti mpaka tumbo linalia. Afya yangu ni njema.

Sikukutii. Unisikilize kwanza, kisha unigombeze.

Jumapili tatu mfululizo nilikwenda kwenye karakana ya mafundi wa mbao iliyo ndani ya ukuta wa ikulu. Mara mbili nilirudishwa getini. Mara ya tatu akatoka mzee mfupi mwenye mkate wa mvuke mkononi, penseli nyuma ya sikio. Akasoma jina langu kwenye daftari la mlinzi.

"We ni Qiao wa wapi?"

"Qiaozhuang."

"Shoutian ni nani wako?"

"Baba yangu mkubwa."

Akaacha kutafuna. "Yule kichwa ngumu yu hai?"

Ni Luan Deshun. Anakusalimu. Amestaafu mara mbili na mara zote mbili wamemrudisha. Alinishika mkono kama mtoto, tukapita nyua saba mpaka ukumbi mdogo wa upande wa magharibi, ambao watalii hawafiki. Akaelekeza penseli yake chini ya ukingo wa mashariki. "Kuanzia kona," akasema, "vikono tisa ni vya Shoutian. Vya upande mwingine ni vyangu."

"Vitazame vyangu," akasema. "Haya, sasa tazama vyake. Unaona?"

Nikasema naona.

"Miaka thelathini napita hapa, na kila nikipita nachukia. Sijawahi kumfikia."

Nikamwuliza kama ni kweli ulifukuzwa. Aliniangalia kana kwamba nimemtukana.

"Nani huyo mpumbavu kasema? Mzee Kang alitaka kumwachia karakana. Ilikuja barua, baridi ya mwaka sitini na moja, wakati wa ile njaa kuu. Kwamba mdogo wake amekufa, mke wa mdogo wake amemfuata, na mtoto yuko kwa jirani. Nilimwambia, ndugu yangu, wewe baki, tutachanga nafaka tumtumie huyo jirani. Akasema mwaka kama huu hakuna jirani atakayempa mtoto wa mwingine nafaka hata ukimtumia. Akafunga misumeno yake. Hakungoja hata chakula cha mchana."

Kisha akaniuliza, "Yule mtoto aliishi?"

Baba Mkubwa, niliinua kamera nikashindwa kuona kwenye kioo. Mzee Luan akaketi kwenye ngazi akaendelea na mkate wake. Akasema, "Lia kwanza. Vikono haviendi popote."

Kwa hiyo hewa ya Beijing ilikuwa ni mimi. Miaka ishirini na tano umewaacha watu waseme wanavyotaka, na mimi mwenyewe nikakucheka na hiyo pua yako.

Picha ninayoiambatanisha ni ya vikono tisa. Nyuma yake Mzee Luan ameandika ni kazi ya nani na ya mwaka gani, na amegonga mhuri wake mwekundu. Ipeleke kwa kamati. Sasa Geng hana la kusema. Najivuna mpaka naogopa nitapasuka, na pia naona uchungu, na sijui niviweke wapi vyote viwili.

Nijibu swali moja tu. Hukujuta?

Mwanao,
Lanying


Beijing, 24 Agosti 1986

Baba Mkubwa,

Nawaamkia. Barua yangu ya Julai haijajibiwa na mkutano najua umepita. Kama umenikasirikia, nipate hata mistari miwili ya kunigombeza. Kama picha ilipotea njiani ninayo nyingine, nitaituma leo hii. Kozi inakwisha mwisho wa Septemba.

Lanying


Qiaozhuang, 4 Septemba 1986

Mwanangu Lanying,

Hapa sote wazima. Magoti ya mama yako mkubwa yametulia. Miti ya matunda imeelemewa mwaka huu, tumeweka miti ya kuegemeza matawi. Nguruwe tisa wamekua, na wale wawili wa mama wa Shuanzhu wamekuwa wakubwa kuliko wetu, jambo ambalo analitaja kila siku.

Sikukukasirikia. Barua yako ilinichukua muda kuisoma, kisha muda zaidi.

Picha sikuipeleka kwa kamati. Mama yako mkubwa ameibandika ukutani kwa uji wa ngano, juu ya kitanda, na hapo itakaa. Kikono cha saba ni kizuri. Naweza kusema hivyo kwa kuwa tuko nyumbani. Na picha yenyewe umeipiga kama fundi, nimeona ulivyongoja jua lifike kwenye kiungo cha pili ndipo ukabonyeza.

Sasa nikueleze mkutano. Watu walijaa mpaka madirishani. Geng akasimama akauliza lile swali lake.

"Mzee Qiao, sema mwenyewe. Ulichonga nini huko ikuluni?"

Nikasema, "Nilichonga vikono thelathini na sita vibovu."

Watu wakacheka. Nikawaacha wamalize, nikawaeleza lile ambalo sijawahi kumweleza mtu. Unajua sisi mafundi kila ukoo una kipimo chake cha mbao, kijiti cha kupimia futi, na baba humchongea mwanawe kwa kunakili cha kwake. Siku ya kwanza ikuluni Mzee Kang alituonyesha kipimo kimoja kilichotundikwa ukutani, akasema hapa tunatumia hiki tu. Mimi nilikuwa na kipimo cha baba yangu mfukoni. Niliona ni dharau kwa baba kukiacha. Nikachonga vikono thelathini na sita kwa kipimo cha Qiao, vizuri, laini, hakuna fundi aliyechonga vizuri kuliko mimi mwezi ule. Siku ya kuvipandisha havikukaa hata kimoja. Mzee Kang hakunigombeza. Aliniketisha uani mwezi mzima, nikavikata vyote thelathini na sita kuwa kabari, mbele ya wenzangu. Vile tisa alivyokuonyesha Luan ni vya mwaka uliofuata, na ndani yake vimekazwa kwa kabari hizo. Ndiyo sababu sipendi kuzungumzia kazi yangu ya kule. Nikikumbuka moja nakumbuka na nyingine.

Mwenyekiti wa kamati, ambaye ni mtu wa makaratasi, akasema, "Sasa huo ndio ushahidi wako, kwamba uliharibu?"

Lakini Geng alikuwa bado amesimama. Akaniuliza polepole, "Vilipungua kiasi gani?"

"Unene wa punje ya mtama kwa kila futi."

Akatoa kipimo chake mfukoni akakitazama. "Changu kinazidi," akasema. "Cha baba yangu. Sijui kinazidi kiasi gani. Sijawahi kukipima na cha mtu mwingine."

"Basi tuanzie hapo," nikamwambia. "Mnara mzima tuupime upya, tuchonge kipimo kimoja, vya baba zetu tuviache nyumbani."

Mwenyekiti akauliza tena habari ya ushahidi. Geng akamgeukia. "Mheshimiwa, mchemsha gundi hajui kosa hilo. Kosa hilo hulifanya fundi, na hulijua aliyelifanya. Mpeni mnara. Mimi nitakuwa chini yake." Kisha akaketi, uso umemwiva. Lilikuwa jambo gumu kwake na nimemheshimu kwa hilo.

Tumeanza tarehe kumi na nane Agosti. Geng ana upande wa kaskazini. Ni fundi mzuri, ila anaongea mno. Ukirudi, uje na kamera, maana tumefunua paa na mambo yaliyo ndani yatafunikwa kabla ya baridi. Utalala chali upendavyo, hakuna mlinzi.

Umeniuliza kama nilijuta. Nilikuwa na miaka thelathini na sita na nilikuwa nimeahidiwa karakana. Njiani nililia, safari nzima ya treni. Nilipofika kwa jirani ulikuwa umekaa sakafuni na unatafuna mkanda wa kiatu, ukaniangalia, ukaendelea kutafuna. Tangu hapo sikuwa na nafasi ya kujuta, ulikuwa na njaa kila saa.

Ikulu ile ilikuwa na mafundi zaidi ya mia, Lanying. Wewe ulikuwa na mimi tu.

Qiao Shoutian